Umeme wa Mayai ya Haneti

Usiku ule simu ya Rukaya haikupatikana. Ujumbe wake wa mwisho uliingia baada ya magharibi: "Mama, lori la alizeti limegonga nguzo ya umeme huku kwetu. Giza kila mahali. Mayai yamo ndani ya mashine. Chaji inaisha. Niombee." Basi. Nikapiga, nikaambiwa namba ninayopiga haipatikani. Nikapiga tena, yule dada wa kwenye simu akaniambia vilevile, kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuwa na mtoto.

Mume wangu Abdulswamadu akageukia ukutani. "Mama Rukaya, lala. Mayai hayaumwi."

"Hayaumwi, lakini mwenye kuyalea ni mwanangu."

"Basi nenda kayaatamie."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, simu mapajani, nikisikiliza upepo wa mwezi wa sita ukigongagonga bati la jirani hapa Makole. Watu wanaosema Dodoma ni joto hawajalala hapa mwezi wa sita. Kila upepo ulipovuma niliyaona yale mayai yakipoa moja baada ya jingine, na Rukaya amesimama gizani hajui pa kuanzia.

Hapo nilikosea, maana Rukaya hajawahi kuwa mtu wa kusimama. Ni mwanangu wa pili. Babu yake mzaa babu alifika bara na misafara ya biashara, akachoka kutembea, akafungua duka, na tangu hapo ukoo wa mume wangu ni watu wa dukani. Rukaya aliuza barafu za ubuyu dirishani kwetu kabla hajajua kusoma vizuri. Alipomaliza kidato cha nne akafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, akiwachapia wanafunzi wa chuo kazi zao na kuwasahihishia Kiswahili bila kuombwa. Kisha akaolewa na Ibrahimu, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole, na Ibrahimu akahamishiwa kijijini Haneti.

Ndugu walicheka. "Rukaya wa Makole akalime mtama!" Na kweli mwaka wa kwanza alilima, ukaota mstari mmoja na vidole vikajaa malengelenge. Wanawake wa Haneti nao wakacheka, ila wao walicheka huku wakimsaidia kupalilia. Mwaka uliofuata akanunua mashine ya kutotolesha vifaranga kwa mama mmoja mtumishi wa serikali aliyekuwa anahama. Ni kabati dogo la bati lenye kioo mlangoni, taa ndani na feni ndogo inayonguruma kama paka. Akajaribu na mayai yake mwenyewe, yakatoka. Akawaambia majirani: leteni mayai, mimi natotolesha, vifaranga vikitoka mnanipa sehemu yangu.

Hawakuleta haraka. Kuku wao walikuwa wanaatamia bila umeme tangu dunia iumbwe. Aliyekubali kwanza alikuwa Evelina, jirani wa nyumba ya pili, mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya korongo. Evelina alipoleta, wengine nao wakaleta, mayai yamefungwa kwenye kitenge, kila mtu ameyawekea alama yake ya mkaa. Mashine ikajaa. Rukaya aliniambia kwenye simu: "Mama, haya si mayai yangu. Yakitoka, nimepata kazi hapa. Yasipotoka, hakuna atakayeniletea tena, na mimi nitarudi kuchapa makaratasi ya watu."

Kusema kweli nilikuwa nataka arudi. Lakini si kwa njia hiyo.

Asubuhi alipiga. Alikuwa amechaji simu kwenye pikipiki ya bodaboda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mayai?"

"Yana joto bado. Nimefunika mashine kwa mablanketi, nimeacha matundu ya hewa, nimezungushia chupa za maji ya moto. Nimekesha nabadilisha chupa. Ila sina mkaa wa kukesha tena, na mafundi wanasema nguzo mpya ni Jumatatu."

"Yanatotolewa lini?"

"Jumapili, Mungu akipenda."

Ilikuwa Ijumaa. Ibrahimu hayupo, amepeleka watoto wa shule kwenye michezo. Sikumuuliza tena kitu. Nilivaa, nikavuka barabara kwa wifi yangu Jaha, dada wa mume wangu, mwenye saluni na kirikuu. Kirikuu chake ni kile kigari kidogo cha mizigo, na Jaha hukiendesha kama vile barabara ni ya baba yake.

"Wifi," nikamwambia, "tunakwenda Kizota kununua umeme."

"Umeme unanunuliwa kwenye simu, wifi. Umezeeka?"

"Ule wa kwenye sanduku."

Akaacha kumsuka mteja wake. Kumbe na yeye alikuwa analiwazia sanduku hilo siku nyingi. Umeme ukikatika katikati ya kukausha nywele, mteja hukaa na kichwa kibichi anamtazama Jaha kama mwizi. Mteja yule akamaliziwa na binti wa saluni, sisi tukaondoka.

Kizota kuna mafundi wa kila kitu, wachomeleaji, wapaka rangi, watengeneza majiko. Katikati yao kuna duka la Ulimboka, kijana mrefu kutoka Mbeya, anayeuza paneli za jua, betri na hayo masanduku ya kuhifadhi umeme. Wengine huyaita pawabenki kubwa. Yamepangwa mezani, kila moja lina mpini juu, matundu ya soketi mbele na kioo kidogo cha namba.

Jaha akaenda moja kwa moja kwa lile lenye mwonekano wa kibabe. "Hili hapa. Chukua hili, wifi, nami nachukua jingine kama hili. Limeandikwa wati elfu mbili."

Nami nilikuwa nimeshalishika mpini. Nani anaacha elfu mbili achukue lile la pembeni la mia sita?

"Shikamooni, mama zangu," Ulimboka akasema. "Mnataka kuwasha nini?"

"Mayai," nikasema.

"Vichwa," Jaha akasema.

Ulimboka akatutazama, akavuta viti viwili. "Kaeni. Tuanze na mayai. Hiyo mashine inakula wati ngapi?"

Njiani nilikuwa nimempigia Rukaya anisomee kile kibandiko cha nyuma ya mashine. "Mia na ishirini."

"Inawaka muda wote, au inawaka na kuzima?"

Hilo sikulijua. Nikapiga simu. Rukaya akasema joto likitosha taa inajizima, likipungua inawaka tena. Feni ndiyo haizimi. Kwa kukadiria, nusu ya muda taa imelala. Ulimboka akafurahi kama aliyeambiwa habari za nyumbani kwao.

"Basi mama, mashine yako haina nguvu nyingi, ila haipumziki. Inataka kitu kitakachokesha nayo. Hili la elfu mbili lina nguvu sana, lakini akiba yake si kubwa. Tena lenyewe tu, likiwa limewashwa bila kazi, linakula umeme wake kidogo kidogo. Hilo la mia sita lina nguvu ndogo, lakini akiba yake ni kubwa kuliko hili."

"Dogo lina zaidi ya kubwa?" Jaha akasema. "Kijana, unauza au unatega vitendawili?"

Mimi nilikuwa nimeshaelewa, maana nyumbani kwetu maji huja kwa zamu na kila nyumba ina tenki juu ya mnara. "Ni kama tenki na bomba," nikasema. "Kuna mwenye tenki kubwa na kabomba kembamba. Hakajazi ndoo haraka, lakini maji yanakesha. Na kuna mwenye bomba nene na tenki la wastani. Ndoo inajaa ukipepesa jicho, ila asubuhi tenki linakauka."

"Mama, njoo uuze duka," Ulimboka akasema.

"Na draya langu?" Jaha akauliza. "Lile la kofia."

"Draya linataka bomba nene. Wati elfu moja na zaidi kwa wakati mmoja. Ukilichomeka kwenye hili la mia sita, litapiga kelele na kujizima. Lakini kwa mteja mmoja unakausha muda mfupi tu, hivyo hili la elfu mbili linakufaa."

"Umeona?" Jaha akaniambia. "Mimi na vichwa vyangu tunataka nguvu. Wewe na mayai yako mnataka uvumilivu. Hata dukani wanatujua."

Kulikuwa na la tatu, dogo kama mkate wa dukani, la taa na simu. Ulimboka akaniuliza kama sitalichukua na hilo, la matumizi madogomadogo ya nyumbani. Nikasema matumizi gani, mimi nina mayai tu. Laiti ningesikia. Nikachukua lile la mia sita pamoja na paneli ya jua ya kukunja, ili mchana lijazwe na jua wakati linafanya kazi. Jaha akachukua la elfu mbili. Masanduku yote mawili yakapakiwa kwenye kirikuu, na kwa kuwa sikukubali kupitia Makole hata kwa dakika, sanduku la saluni nalo likaenda Haneti.

"Nikienda kushusha langu kwanza?" Jaha alijaribu.

"Wifi, vifaranga vinapoa."

"Vifaranga! Bado ni mayai, wewe unaita vifaranga."

Tulikula vumbi mpaka nyusi zikawa nyekundu. Jaha aliimba njia nzima, mimi nikashika masanduku yasigongane. Alasiri tukaingia kwa Rukaya. Alitoka mlangoni amejifunga kanga kiunoni, macho mekundu, mikono inanuka mkaa. Hakulia wala hakutukumbatia. Alilibeba sanduku kama anayepokea mtoto, akalipeleka ndani, akachomeka mashine, taa ikawaka, feni ikaanza kunguruma. Ndipo akasema, "Shikamoo, shangazi. Shikamoo, mama," akakaa chini.

Mimi nikaenda kwenye mlango wa mashine.

"Mama, usifungue!"

"Nataka kuona tu."

"Utaonea kwenye kioo. Siku hizi tatu za mwisho mlango haufunguliwi. Ukifungua, unyevu unatoka, ngozi ya ndani ya yai inakauka, kifaranga kinanasa."

Mimi ni mtu wa kufunua sufuria. Wali wangu hauivi bila kufunuliwa mara nane, na Rukaya amekua akinitazama. Akachana kipande cha kanga kuukuu, akaufunga ule mlango kwa mafundo mawili. Jaha akamwuliza kama ni kwa ajili ya paka.

"Paka hana shida," Rukaya akasema.

Kioo cha namba cha lile sanduku kilionyesha saa zilizobaki. Zilitosha usiku mzima na chenji. Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru na Ulimboka, nikaanza kukatakata mchicha.

Kabla mchicha haujaiva, tukasikia, "Mbukwenyi!" Alikuwa Evelina, anatusalimia kwa salamu ya kwao, nyuma yake mama wengine watatu. Walitupokea vizuri sana. Waliuliza habari za njia, za Makole, za mume wangu. Wakachungulia mayai yao kwenye kioo, kila mmoja akitafuta alama yake ya mkaa. Kisha Evelina akatoa simu kifuani.

"Mama Rukaya, tunaomba chaji kidogo tu. Tangu jana hatujui kama watoto wetu wa mjini wako hai."

Ningesemaje? Nami usiku wa jana nilikuwa upande wa pili wa simu hiyohiyo. Rukaya akatoa waya wa ekstensheni. Simu nne zikachomekwa. Kisha akaja mjukuu wa fulani na simu mbili, kisha bodaboda aliyemchajia Rukaya asubuhi, na huyo tulikuwa na deni la wema wake. Kisha wakaja watu ambao Rukaya mwenyewe hakuwajua, wenye simu za tochi, simu za kioo, redio moja na taa mbili za kuchaji. Kila mmoja alisema "kidogo tu", na kila mmoja alileta kitu, huyu maboga, huyu mtama, huyu karanga kwenye kikombe.

Mimi macho yalikuwa kwenye kile kioo. Saa zilizobaki zikashuka kama watu wanaoteremka ngazi. Dukani tulikuwa tumepiga hesabu ya mashine, hata ya taa inayolala na kuamka. Hakuna aliyepiga hesabu ya majirani. Huku Dodoma hata mtu wa mjini anajua kwamba anayekuja kuomba moto hafukuzwi, na siku hizi chaji ndiyo moto.

Nilimvuta Rukaya jikoni. "Mwanangu, saa zilizobaki hazifiki alfajiri tena. Waambie."

"Mama, niwaambie nini? Mayai ni yao."

"Ndiyo maana! Yakifa yatakuwa yao vilevile!"

"Nikiwafukuza leo, hata yakitoka salama hawataniletea mengine. Watasema yule wa Makole ana umeme wa mayai, hana umeme wa watu."

Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, huku anakoroga mchicha. Nikaona kwamba ameshakuwa mwenyeji hapa. Mimi ningepiga kelele, yeye alikuwa anapiga hesabu. Akapangusa mikono, akatoka nje hadi kwenye kirikuu, mahali Jaha alipokuwa amekaa anakula karanga za watu.

"Shangazi," akasema.

"Usiniite kwa sauti hiyo. Najua unachotaka. Sanduku langu halijakausha hata kichwa kimoja!"

"La kwako lina nguvu, shangazi. Simu zote zitachajiwa kwa mpigo. Halafu likiisha, mimi sina hasara."

"Una adabu mbaya. Umeipata kwa mama yako."

"Shangazi Jaha, naomba."

Jaha akaguna, akajifuta ganda la karanga mdomoni, akafungua mlango wa nyuma wa kirikuu. "Haya, wenye simu njooni huku! Benki imehama! Na anayeleta boga aniletee mimi!"

Wakahama wote wakicheka, waya na taa na redio, wakakizunguka kirikuu. Evelina alikaa kando ya Jaha wakaanza kuulizana umri wa watoto. Saluni ya Makole ilipata sifa zake zote usiku ule. Ndani tukabaki sisi na mayai, na sanduku letu halina wa kuligawa. Alfajiri nilipoamka kuswali nilikitazama kile kioo kwanza, Mungu anisamehe, na saa zilikuwa zimebaki. Chache, lakini zimebaki.

Jumamosi jua liliwaka kama linalotaka kulipwa. Rukaya alitandaza paneli uani, akaigeuza kila jua lilipogeuka, na sanduku likajaa huku linafanya kazi. Mimi nilipewa kazi ya kufukuza mbuzi wasiikanyage. Nilifurahi kupewa kazi, maana isingekuwa hivyo ningesimama mbele ya kile kioo cha mlango mchana kutwa. Hata hivyo nilisimama kidogo. Mayai yalikuwa yamekaa tu, meupe na ya kahawia, kimya kama mawe. Moyoni nikasema yalikufa usiku ule wa baridi, na sisi tunapasha moto maiti.

Alasiri Rukaya alikwenda kuteka maji. Jaha alikuwa amelala ndani ya kirikuu, miguu nje. Mimi nikatandika mkeka chumba cha pili nikaswali. Nikiwa kwenye rakaa ya mwisho nikasikia sauti za salamu sebuleni, kisha mlio mrefu, tiiii, kisha kimya. Feni imenyamaza. Ile rakaa sijui niliimaliza vipi.

Sebuleni alisimama mzee Bartolomayo, shemeji yake Evelina, mzee wa kanisa, ameshika pasi ya umeme mkono mmoja na koti mkono mwingine. Evelina yuko pembeni yake.

"Mmefanya nini?"

"Ni pasi tu, mama," Evelina akasema. "Kesho shemeji anasoma kanisani. Koti limejikunja. Mimi ndiye niliyemwonyesha tundu. Nikasema sanduku linalokesha na mayai usiku kucha litashindwaje na pasi ya dakika tano?"

Na mimi ni nani wa kumlaumu? Siku moja kabla nilishika sanduku la elfu mbili kwa sababu ya namba tu. Nikachomoa pasi. "Tenki ni kubwa, mzee wangu, lakini bomba ni jembamba. Pasi inataka maji yote kwa mara moja. Likishindwa linajifunga."

Mzee Bartolomayo alifikiri. "Kumbe halijachoka. Limekabwa."

"Limekabwa, ndiyo."

Nilikuwa natafuta kitufe cha kuliwasha upya. Ulimboka alinionyesha, lakini mtu mwenye hofu hakumbuki alichoonyeshwa. Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile. Rukaya akaingia na ndoo kichwani, akaona taa imezima, akaitua ndoo chini bila kumwaga hata tone. Hakuuliza ni nani. Alikuja, akasogeza mkono wangu, kisha akasimama ghafla, kidole hewani.

"Nyamazeni."

Tukanyamaza. Feni ilikuwa imezima, kwa hiyo chumba kilikuwa kimya kabisa, na katika kimya kile tukasikia, kutoka ndani ya bati, kitu chembamba kama sindano: pii. Kisha tena: pii, pii.

Evelina akashika mdomo. Mzee Bartolomayo akavua kofia.

Rukaya akabonyeza kitufe na kukishikilia. Taa ikawaka, feni ikaanza. Akasoma kipimajoto kwenye kioo. Joto lilikuwa limeshuka kidogo tu. Akageuka, uso wake umelowa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mzee, shikamoo. Pasi inapigwa kwenye kirikuu."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Jaha aliamshwa, akalalamika, akafungua. Wakatandika blanketi juu ya bodi ya kirikuu, pasi ikachomekwa kwenye sanduku la elfu mbili, na sanduku halikuguna hata kidogo. Koti likanyooka mpaka kola. Kuona hivyo, mama mmoja akakimbia kuleta gauni la mwanawe. Jaha akawazuia kwa mikono miwili.

"Limebaki la kukausha kichwa kimoja na la simu za usiku, na hicho kichwa nitakikausha mimi! Draya la mkono liko chini ya kiti changu. Haya, nani hajasukwa hapa? Evelina, kaa hapa wifi, nikuoshe nywele uende kanisani kama bibi harusi."

"Wifi nimekuwa lini?"

"Tangu ulipokula karanga zangu."

"Karanga zilikuwa zangu!"

Nilisikia kicheko chao mpaka ndani. Lakini sikutoka. Nilikuwa nimevuta kigoda mbele ya mashine, nimekalia mikono yangu. Kwenye kioo, yai moja lenye alama ya msalaba wa mkaa lilikuwa na ufa. Baadaye ufa ukawa tundu. Rukaya alipita nyuma yangu akaniwekea mkono begani, kwa upole, lakini aliuweka begani upande wa ule mkono wangu unaofungua vitu.

Usiku ule sanduku letu halikuguswa na mtu. Evelina mwenyewe alikaa barazani, nywele zimenyooka, akawaelekeza wenye simu kwa ile sauti yake: "Mayai huku, watu kule!"

Jumapili kulipopambazuka ndani ya mashine kulikuwa na kelele kama sokoni. Kwenye kioo uliona vitu vyenye manyoya yaliyolowa, vinaangukiana, vinakanyagana vichwa, vinalala ghafla katikati ya safari. Mayai mengine yalikuwa bado yametulia, na Rukaya aliniambia mapema kwamba machache hayataamka. Ile baridi ya usiku wa kwanza ilikuwa imechukua yake. Mama wenye mayai walifika kabla ya kengele ya kanisa, wamevaa vya Jumapili. Mzee Bartolomayo naye alikuja, koti lake limenyooka kama karatasi.

"Fungua tuone," wakasema.

"Bado," Rukaya akasema. "Wamelowa. Wakipigwa na upepo huu watakufa mikononi mwenu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wakauke."

Kengele ikapigwa. Hakuna aliyeondoka isipokuwa mzee Bartolomayo, maana yeye ndiye msomaji, naye aliondoka akigeuka nyuma. Mama mmoja alinong'ona kwamba labda huyu binti anaficha idadi ya waliokufa. Rukaya alimsikia. Lakini hakuugusa mlango. Mimi hapo ningeshaufungua zamani, ili tu watu waache kunisema.

Evelina akapenya katikati yao. Mkononi alikuwa na bakuli limefunikwa kitenge, akaliweka mezani kando ya sanduku, na kitenge kikateleza kidogo. Yalikuwa mayai ya kanga, yenye madoadoa, yametoka kuokotwa.

"Haya ni ya zamu nyingine," akasema. "Mimi nimeshasikia kwa masikio yangu. Anayetaka kuona kwa macho asubiri kama wengine."

Wakasubiri. Nje, Jaha alikuwa anafunga kamba za kirikuu, anawaambia watu sanduku lake linarudi Makole tupu kama tumbo la mfungaji. Jua lilipofika dirishani Rukaya aliinama kwenye kioo, akatazama kwa muda mrefu, kona hadi kona. Kisha akanawa mikono, akaikausha kwa kanga yake, akaniita.

"Mama, njoo ushike boksi la vifaranga."

Nikalishika kwa mikono miwili. Akafungua fundo la kwanza la kile kitambaa, akafungua la pili, akavuta mlango.